Msitukatie Utepe Kabla ya Kutujibu

Mgeni akifika wilaya ya Beichuan, katika milima ya jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa China, huonyeshwa shule. Ni shule ya kupendeza kwelikweli: madarasa yenye mwanga, mabweni, maabara, na uwanja wa michezo ambao vyuo vikuu vingi vya kwetu havina. Huelezwa kwamba Wachina waishio ughaibuni walichanga takriban yuani milioni 200, na kwamba mwaka 2010, miaka miwili tu baada ya tetemeko la ardhi, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuingia. Mgeni hupiga picha, hutia saini kitabu cha wageni, huondoka akisifu. Swali moja tu ndilo lililopaswa kuulizwa pale getini, kabla ya hatua ya kwanza ndani: ile shule ya mwanzo ilianguka kwa nini?

Nasema bila kuzunguka. Shule ya kifahari iliyojengwa juu ya swali hilo bila kulijibu ni dhuluma ya pili kwa wazazi waliokwisha kudhulumiwa mara moja. Na kila anayeitembelea akashangilia bila kuuliza, anaisaidia dhuluma hiyo.

Tukumbuke kilichotokea. Jumatatu, tarehe 12 Mei 2008, saa 8:28 mchana, watoto wakiwa madarasani, tetemeko la ukubwa wa 7.9 liliipiga Sichuan. Watu zaidi ya 69,000 walikufa na karibu 18,000 hawakuonekana tena. Serikali ya jimbo ilichukua karibu mwaka mzima kabla ya kutaja idadi ya wanafunzi waliokufa au kupotea: 5,335. Katika Shule ya Sekondari ya Beichuan peke yake, wanafunzi na walimu zaidi ya elfu moja waliangamia. Wengi wa watoto wale walikuwa mtoto wa pekee nyumbani, kwa sababu sera ya nchi haikuwaruhusu wazazi wao kupata wa pili. Nyumba nzima ilizimika kwa kuanguka kwa ukuta mmoja.

Ardhi ilitikisika kwa wote, lakini majengo hayakuanguka yote. Katika mji wa Dujiangyan, Shule ya Msingi ya Xinjian iligeuka kifusi huku majengo ya jirani yakibaki wima, na shule ya msingi ya Beijie, iliyosifika kuwa bora mjini humo, ilisimama. Wazazi walichimba kwa mikono, na katika kifusi kile waliona kwa macho yao nondo nyembamba na saruji inayosagika kwa vidole. Wahandisi waliochunguza shule za aina ile walieleza tatizo kwa lugha nyepesi: vipande vya zege vyenye matundu vililazwa juu ya kuta za matofali bila kufungwa vizuri kwenye kuta wala kufungana vyenyewe kwa vyenyewe. Kuta zikisogea kidogo, sakafu ya ghorofa hushuka nzima juu ya vichwa vya watoto. Shule nyingi zilijengwa mbiombio miaka ya tisini, serikali kuu ilipotaka kila mtoto asome miaka tisa, na wilaya maskini zikaachiwa mzigo wa kutimiza lengo bila fedha za kutosha. Lengo lilitimizwa kwenye karatasi. Gharama yake wakaja kuilipa watoto.

Hayo hayakuwa maneno ya wazazi peke yao. Septemba 2008, Ma Zongjin, mwanasayansi aliyeongoza kamati ya wataalamu ya serikali, alikiri kwamba haraka ya ujenzi huenda iliacha kasoro katika shule nyingi. Miezi michache baadaye, Machi 2009, Wei Hong, kiongozi wa juu wa jimbo, alitangaza kwamba sababu kuu ya shule kuanguka ilikuwa nguvu ya tetemeko. Kwa kauli hiyo mkandarasi akaoshwa mikono, mkaguzi akaoshwa mikono, na afisa aliyetia saini akaoshwa mikono. Mtuhumiwa aliyebaki ni ardhi, nayo haiwezi kufikishwa mahakamani.

Waliokataa jibu hilo walionja joto la jiwe. Huko Mianzhu, mji mwingine wa Sichuan, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti alipiga magoti barabarani kuwasihi wazazi waliobeba picha za watoto wao wasiendelee na maandamano. Magoti yaliposhindwa zikaja fedha: wazazi wakaletewa hati za fidia, watie saini na wanyamaze. Tan Zuoren, aliyeanza kukusanya majina ya watoto na ushahidi wa majengo mabovu, alifungwa miaka mitano. Huang Qi, aliyewasaidia wazazi kupaza sauti, alifungwa miaka mitatu. Msanii Ai Weiwei alituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakaorodhesha majina zaidi ya 5,000. Agosti 2009 alipokwenda Chengdu, mji mkuu wa jimbo, kutoa ushahidi kwenye kesi ya Tan, polisi walimpiga kichwani, na mwezi uliofuata akafanyiwa upasuaji mjini Munich. Nchi iliyoweza kujenga upya miji mizima kwa muda mfupi haikuweza kuvumilia orodha ya majina ya watoto.

Siku chache baada ya maafa, Waziri Mkuu Wen Jiabao aliwatembelea wanafunzi wa Beichuan walionusurika, akawaandikia ubaoni kwamba mikasa mingi hulijenga taifa. Najua alikusudia kuwatia moyo. Lakini mimi siikubali falsafa hiyo hata kidogo. Kifo cha mtoto kwa zege bovu hakijengi taifa. Kinaua mtoto, basi. Taifa hujengwa na ukweli unaosemwa baada ya kifo hicho, na ukweli huo ndio uliozuiwa.

Atakayesema hakukuwa na njia nyingine, nampeleka Sangzao, katika wilaya ya An, jimbo hilohilo. Mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya pale, Ye Zhiping, alirithi jengo la miaka ya themanini alilojua kuwa ni bovu. Jengo lenyewe liligharimu yuani 160,000. Yeye, mwaka baada ya mwaka, alibisha hodi ofisi za serikali kuomba fedha, akatumia zaidi ya yuani 400,000 kunenepesha nguzo, kuongeza nondo na kuziba mianya kwa saruji. Akawazoesha wanafunzi kila muhula kutoka nje kwa mpangilio. Siku ya tetemeko, wanafunzi na walimu zaidi ya 2,200 walikuwa uwanjani ndani ya dakika moja na sekunde 36. Hakufa hata mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ye Zhiping aliuziba ufa, na hakuna mama wa Sangzao aliyeletewa hati ya fidia atie saini.

Nanyi mnaoamini kwamba fahari ya jengo ni ushahidi wa moyo wa kujali, tazameni mji wa Mianyang, jimbo hilohilo. Shule ya sekondari iliyojengwa pale kwa michango ya watu wa Hong Kong ilifunguliwa mwaka 2010. Mwaka 2012 ilibomolewa, ikapisha mradi wa biashara na makazi ya kifahari. Ilidumu miaka miwili tu! Wahong Kong walighadhibika, na mwaka 2013 Sichuan ilipopigwa na tetemeko jingine, wengi wao walipinga hadharani serikali yao kupeleka dola milioni 100 za huko. Msilaumu ubahili wao. Mchango bila hesabu huua mchango unaofuata.

Wako watakaoniuliza: unataka watoto wasome chini ya miti hadi uchunguzi uishe? La hasha. Jengeni, tena jengeni vizuri, na ninakubali kwamba China ilikaza viwango vya ujenzi wa shule baada ya maafa yale. Lakini kujenga na kueleza si kazi zinazogombana. Matofali hayamzuii mtu kuchapisha ripoti. Kilichozuia ripoti ni hofu ya majina yatakayotajwa ndani yake.

Na tusijifanye watazamaji wa mbali. Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, Tanzania, likaua watu Bukoba na kuziharibu vibaya shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na ni jambo la kushukuru. Ila ukanda ule wa bonde la ufa umejaa shule ambazo hazikuanguka siku ile, na mzazi wa kijijini ana haki ya kujua nani amezikagua. Tarehe 23 Septemba 2019, mtaa wa Ng'ando, Dagoretti, jijini Nairobi, madarasa yaliporomoka asubuhi bila tetemeko lolote, yakaua watoto wasiopungua saba. Tanzania nayo ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19 katika miezi michache. Sisemi ni mabovu. Nasema haraka ya namna hiyo inadai ukaguzi mkali zaidi, na matokeo yake yabandikwe ukutani mzazi asome.

Kwa hiyo, mheshimiwa, kabla hujashika mkasi mbele ya shule mpya, tuletee vitu vitatu. Ripoti ya kwa nini ya kwanza ilianguka, ikiwa na majina ya mkandarasi na mkaguzi. Orodha ya waliokufa, jina kwa jina. Na matokeo ya ukaguzi wa kila shule ya jirani iliyojengwa na mikono ileile. Ukija navyo, tutakupigia makofi hadi viganja viume. Ukija bila hivyo, uache mkasi mezani, kaa chini, na uwasikilize wazazi kwanza.