Taka si mali

"Taka ni mali" ni msemo uliozoeleka sana katika kampeni za usafi za pwani yetu, na siku hizi umepata shahidi mpya: jahazi. Mwaka 2018, huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, chombo cha urefu wa mita 9 hivi kilichoundwa kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, ikayeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu, kisha ikachongwa kama mbao. Ubavuni kilivikwa ndala zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 kikatweka tanga hadi Unguja, mwendo wa takriban kilomita 500. Kazi ya mafundi wale inastahili heshima yote. Lakini wapo walioigeuza kuwa ushahidi wa jambo lisilothibitika kwayo: kwamba plastiki iliyoko baharini ni malighafi inayomsubiri mjanja wa kuiokota, na kwamba tukishajua kuirejeleza, bahari itapona bila mtu yeyote kupunguza chochote.

Hesabu inakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kiasi cha tani milioni 8 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi kavu katika mwaka mmoja tu, 2010. Ili kuzimaliza tungelazimika kuunda majahazi 800,000 ya aina ya Flipflopi, na mwaka unaofuata mengine 800,000. Kata makadirio hayo nusu, kata hata robo tatu, bado huwapati mafundi wala manahodha wa kutosha. Na hapo tumehesabu ile iliyofika majini tu. Kwa hesabu za OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, dunia ilizalisha tani milioni 460 za plastiki mwaka 2019, karibu mara mbili ya mwaka 2000, na katika taka zake ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Mali gani hii inayokosa mnunuzi kiasi hicho? Waokota makopo wanalijua jibu kuliko watunga kaulimbiu. Chupa ya maji na dumu vina bei kwenye mizani. Pakiti ndogo ya sabuni ya unga, mfuko wa krispi, kifungashio chenye tabaka la plastiki lililogandana na la alumini, hivyo huachwa palepale, kwa kuwa hakuna anayeweza kuvitenganisha akapata faida. Hata plastiki yenye soko hupungua ubora kila inapoyeyushwa: chupa inaweza kuwa ubao, ila ubao ukichakaa hauwi chupa tena.

Anayedhani kiini cha tatizo ni uchafu wa watu wa pwani na aitazame Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Hakina wakazi, ila wafanyakazi wachache wa kituo cha utafiti. Mwaka 2019 watu waliojitolea walikusanya huko tani 25 za taka kwa gharama iliyozidi dola 220,000. Watafiti walikadiria kuwa zimebaki tani zaidi ya 500, nyingi kwa uzito zikiwa zana za uvuvi, na kwamba kuziondoa kungegharimu dola milioni 4.68. Hiyo ni zaidi ya dola 9,000 kwa tani moja, wakati plastiki mpya haifikishi hata robo ya bei hiyo. Kama taka kweli ni mali, Aldabra ni tajiri mkubwa anayelazimika kuwalipa watu waje kumchukulia utajiri wake.

Nitaambiwa kwamba Flipflopi haikuundwa ili iimalize taka ya bahari, iliundwa ili ifundishe. Ni kweli, na waliokuwa nayo walihubiri kuachana na plastiki ya kutumika mara moja. Sehemu hiyo ya mahubiri ndiyo isiyonukuliwa. Wengine watauliza waokotaji watakula nini. Hoja hii ina uzito, lakini riziki yao haipaswi kutegemea taka kuongezeka. Wanatoa huduma ya umma, na wa kuilipia ni aliyetengeneza kifungashio, kiwe kina bei sokoni au hakina. Kenya imekwisha kuuweka msingi wa wajibu huo katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Kazi sasa ni kuubana.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya mbao. Jahazi la zamani, la mvule au mbambakofi, mataruma yake ya mkoko na kalafati yake ya pamba, lilipokufa lilioza likaacha misumari. Leo miti hiyo imeadimika, na mikoko tunaihitaji imesimama ilinde fukwe. Basi ubao wa plastiki unaweza kuupumzisha msitu, na kwa hilo sina ugomvi nao. Ila hapo tunazungumzia uhaba wa mbao. Plastiki iliyo juani na chumvini humomonyoka chembe kwa chembe, na boti za faiba zinazochukua nafasi ya mbao zikizeeka ni shida kuzirejeleza. Chombo hakiwi safi kwa sababu tu kinakwenda kwa tanga. Jahazi la watalii linalomgawia kila abiria chupa yake ya maji lingeisaidia bahari zaidi kwa kubeba pipa lenye bomba na vikombe vya bati, hata kama limeundwa kwa plastiki mpya kabisa.

Agosti 2025, mazungumzo ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki yalimalizika Geneva bila makubaliano, na moja ya mambo makuu yaliyowagawa wajumbe lilikuwa kuweka kikomo cha uzalishaji. Rwanda, isiyo na pwani, inaongoza pamoja na Norway kundi la nchi zinazotaka mkataba wenye meno. Sisi wenye pwani tuna sababu kubwa zaidi ya kudai kikomo hicho. Na mfadhili wa usafishaji wa ufukwe akija na fulana na mabango yake, aulizwe hadharani mwaka huu amezalisha chupa ngapi, na mwakani atazalisha ngapi.