Ruta ya Bure, Umeme wa Kulipia
Wiki hii mpwa wangu alifufua kompyuta ya mezani iliyokuwa ikila vumbi stoo, akaichomekea kadi ya pili ya mtandao, akaiwekea programu ya bure ya OPNsense, ikawa ruta ya nyumba nzima. Kadi moja inapokea intaneti, nyingine inaigawa; ile ruta ya zamani imebaki na kazi ya kurusha Wi-Fi tu. Akapima kasi kwa programu ya iperf3, mashine haikutoa hata jasho. Vijana wakashangilia. Mimi ninayenunua LUKU nikauliza: inakula umeme kiasi gani? Kipimo cha kwenye soketi kikasoma wati 60. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hizo ni uniti 43. Ruta ndogo ya wati 10 ingetumia 7 tu. Rahisi ni ghali, na cha stoo nacho kina bei yake. Kompyuta kuukuu ni darasa zuri la kujifunzia mitandao, lakini kwa nyumba inayotaka intaneti tu ni mzigo. Kabla hujasifu kasi, ndugu msomaji, pima wati.