Fedha Kutumika Si Fedha Kufaa

Na Mwanaisha Kahindi

Kila mwaka wa fedha unapokaribia kwisha mnamo tarehe 30 Juni, maneno yanayotawala vinywani mwa wakubwa, wa kaunti na wa taifa pia, ni juu ya kiasi cha fedha kilichokwisha tumika na kiasi kilichosalia. Naye Msimamizi wa Bajeti, katika ripoti zake za kila robo mwaka, huonyesha kaunti hii imetumia sehemu gani ya fungu lake la maendeleo na ile imetumia sehemu gani, kisha magazeti yakazipanga kaunti kwa kipimo hicho, ya kwanza ikasifiwa na ya mwisho ikatahayarishwa. Kipimo hicho kina faida yake, kwani sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inataka isiyopungua asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iwekwe kwa maendeleo, na fedha zilizolala benki hazimchimbii mtu kisima. Lakini naona tumekipa taadhima isiyo yake, maana fedha zaweza kutoka zote katika baitulmali, kwa risiti na mihuri na sahihi zote zitakiwazo, na mkaazi wa Ganda, katika kaunti yetu ya Kilifi, asipate katika hizo hata tone la maji.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuridhika na risiti. Kifungu cha 229 kinamwamuru Mkaguzi Mkuu wa Hesabu athibitishe katika ripoti yake kama fedha za umma zimetumika kwa mujibu wa sheria, na tena kama zimetumika kwa namna iliyoleta tija. Hayo ni maswali mawili, na aghalabu raia hujibiwa la kwanza peke yake. Kaunti ikipata hati safi, wakubwa wake hufurahi kana kwamba wamefaulu mtihani wote, ilhali hati hiyo hushuhudia tu kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa ukweli. Zahanati iliyojengwa kwa bei ya halali, ikakabidhiwa kwa wakati, kisha ikakaa bila muuguzi wala dawa, haina ila yoyote katika vitabu hivyo. Wala soko lililoezekwa vizuri mahali ambapo akina mama wauza maembe hawana sababu ya kupita halina ila. Ukaguzi wa utendaji, unaouliza kama kitu kilichonunuliwa kinafanya kazi iliyokusudiwa, umetajwa katika sheria ya ukaguzi ya mwaka 2015. Nao ndio unaomgusa mtu wa kawaida, na ndio asiousikia.

Mfano hauko mbali. Mwaka 2014 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilianzisha mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, katika ardhi ya umma iliyo baina ya kaunti yetu na ile ya Tana River, kwa ahadi kwamba ekari milioni 1 zitalimwa kwa maji ya mto Galana, ule ule tuuitao Sabaki ukishafika huku kwetu, na kwamba kuagiza mahindi ng'ambo kutakoma. Kwa kuanzia, shamba la mfano la ekari 10,000 lilikabidhiwa kampuni ya Green Arava ya Israeli kwa mkataba wa shilingi bilioni 7 na ushei. Kufikia mwaka 2019 kampuni hiyo ilikuwa imeondoka kwa mzozo na serikali, kazi haijatimia, na zile ekari milioni 1 hazijakaribiwa hata kidogo; serikali iliyofuata ikawaita wawekezaji binafsi waje waendeleze palipoachwa.

Yako mengi ya kubishaniwa juu ya nani alaumiwe, nami sina haja ya kuingia humo. Linalonishughulisha ni kwamba swali la msingi, yaani kama mto unaopungua sana wakati wa kiangazi, na ambao wakati huo haukuwa na bwawa kubwa la kuyahifadhi maji ya masika, waweza kunywesha mashamba ya ukubwa ule, lilistahili kujibiwa hadharani kabla ya senti ya kwanza kutoka, pamoja na swali la gunia moja la mahindi lingemgharimu mlipa kodi kiasi gani likilinganishwa na gunia la mkulima mdogo aliyepewa mbegu na pembejeo. Ardhi ya huku si tasa. Katika karne ya 19, baada ya Sultani Majid wa Zanzibar kuufufua mji wa Malindi, mtama na ufuta wa mashamba yake ulisafirishwa mpaka Uarabuni, ingawa jasho lililomwagika lilikuwa la watumwa, na hilo halifai kufichwa. Basi udongo hauna lawama. Kilichopungua ni upimaji wa gharama dhidi ya manufaa, uliofanywa kwa insafu na mtu asiye na maslahi katika mkataba.

Wenzetu wa Tanzania wametutangulia katika jambo moja lionekanalo dogo: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo huchapishwa kwa Kiswahili pia, hata mtu wa Tanga au wa Pemba akaweza kusoma mwenyewe fedha zake zilikwenda wapi. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Twawaita wananchi kwenye vikao vya kutoa maoni juu ya bajeti, kisha twawanyima habari ambayo bila hiyo maoni yao hayawezi kuwa na uzito. Na mtu asiyejua mradi wa mwaka jana ulileta nini, ataombaje wa mwaka ujao ila kwa kubahatisha?

Kwa bahati njema, Bunge la Kaunti ya Kilifi hukutana Malindi, si mbali na Ganda, na Katiba inalitaka lijadili ripoti ya ukaguzi na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu tangu kuipokea. Naliomba bunge hilo liamuru muhtasari wa ripoti utolewe kwa Kiswahili, wadi kwa wadi, usomwe barazani kila mradi kwa jina lake, gharama yake, na kama unatumika au umefungwa kwa kufuli. Nanyi wasomaji wangu wa Ganda, Kakuyuni na Jilore, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa mbele ya bunge hilo kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili: mwendeeni mwakilishi wadi wenu kabla ya tarehe hizo, mkamuulize miradi iliyokwisha lipiwa inamhudumia nani leo, kabla hamjamwomba mwingine mpya.