Mei Wageni Wameshaondoka

Siku ya Kimataifa ya Ndege Wahamao ilianza mwaka 2006, na ilizinduliwa kwa jirani zetu, Laikipia, Kenya. Siku hizi huadhimishwa mara mbili kwa mwaka: Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Anayeishi Ujerumani au Polandi hana ugomvi na tarehe ya Mei. Huko miti imechipua, korongo wamekwishakalia viota juu ya mapaa, mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye mabanda ya ng'ombe, na mwalimu akiwatoa watoto nje ana cha kuwaonyesha. Mwalimu wa wilaya yetu ya Misungwi akiifuata tarehe hiyohiyo atawatoa watoto nje, atawapanga, atawaeleza habari za wageni kutoka Ulaya na Asia, kisha atainua macho na kukuta wageni wenyewe hawapo. Wengine walianza kuondoka Februari.

Ndiyo maana toleo hili linatoka sasa, masika ikiwa ndiyo kwanza inabisha hodi, na ndiyo maana lina hoja ambayo mhariri hataificha nyuma ya makala za wengine. Ziara za mafunzo za kuangalia ndege katika wilaya yetu zifanyike kuanzia katikati ya Februari hadi katikati ya Aprili. Oktoba tuiache palepale, inatufaa, kwa kuwa ndipo wageni wanapoingia. Ila hii ya Mei ni sherehe ya mapokezi ya watu wengine. Huku kwetu kazi ni kusindikiza, na kusindikiza kuna elimu yake ambayo mtoto wa Berlin haipati.

Nianze na korongo mweupe, kwa sababu ni mkubwa na hata asiye na darubini anamwona. Huonekana kwetu kuanzia mwishoni mwa mwaka, kwenye mbuga za udongo mweusi na pembezoni mwa majaruba, akitembea polepole nyuma ya ng'ombe huku akiokota panzi, viwavijeshi na vyura. Mdomo wake ni mwekundu, mwili mweupe, na manyoya ya nyuma ya bawa ni meusi. Mara nyingi huchanganyika na korongo mwingine mdogo kuliko yeye, mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, ambaye Ulaya haijui kabisa. Huyo huzaa katika ukanda wa Saheli, kusini mwa Sahara, na hushuka kwetu akifuata mvua na wadudu. Mmoja anavuka mabara, mwenzake anahama ndani ya Afrika, na wote wanaokota panzi katika shamba moja. Mtoto akiwaona bega kwa bega, somo la uhamaji limeshaanza bila ubao.

Wapenzi wa ndege wamezoea kuhimizana kuamka alfajiri. Kwa ndege wadogo ni sawa. Korongo hatoki alfajiri. Mwili wake una kilo tatu hadi nne, mbawa zikikunjuliwa hufikia mita mbili, na kama angepiga mbawa njia nzima asingefika. Husubiri jua lichome ardhi, hewa ya moto ianze kupanda, kisha huingia ndani ya hewa hiyo na kuzunguka bila kupiga bawa, duara juu ya duara, mpaka kundi zima linabaki vidoa vyeusi. Kuanzia saa nne asubuhi ndipo mambo yanapoanza, wakati ambao mwalimu amekwishamaliza kuita majina na chai imekwishanyweka. Juu ya maji mapana hewa ya kupanda ni haba, ndiyo sababu korongo wanaokwenda Ulaya mashariki hupanda na bonde la Nile na kuzungukia Sinai badala ya kuikata bahari ya Mediterania. Ramani ya darasani inatosha kufundishia jambo hilo, mradi darasa liwe limewaona wakipanda.

Kwa karne nyingi Ulaya haikujua korongo wake huenda wapi. Walikuwapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hulala ndani ya tope la maziwa kipindi cha baridi. Kisha mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki uliopenya shingoni, wenye urefu wa sentimita 80 hivi, na mkuki ulikuwa wa Afrika ya kati. Alikuwa amechomwa huku, akaruka nao hadi kwao. Yupo hadi leo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisa hiki husimuliwa kama siku ambayo wataalamu wa Ulaya waligundua ukweli. Mimi humfikiria zaidi yule aliyerusha mkuki. Alijua ndege huyo huja msimu gani, hutua wapi, na humkaribia mtu kwa hatua ngapi kabla ya kuruka. Asingejua hayo, asingempata.

Ujuzi wa namna hiyo umejaa Misungwi, na tunaupita kila siku njiani kwenda kutafuta mtaalamu. Mtoto aliyewahi kukaa dunguni kuamia ndege, debe mkono mmoja na kombeo mkono mwingine, anatofautisha kwelea kwelea na ndege wengine kwa uvumi wa kundi kabla halijaonekana. Anajua nani anakula mpunga na nani anakula wadudu walio ndani ya mpunga. Mchungaji naye anamjua yule ndege mwembamba mwenye tumbo la njano, anayetikisa mkia kila akisimama, ambaye tangu Oktoba hukaa miguuni mwa ng'ombe akidaka nzi wanaoamshwa na kwato. Huenda mchungaji hajaambiwa kwamba ndege huyo ana uzito wa gramu 17 hivi, kwamba kufikia Machi hula kupita kiasi mpaka mafuta yajae chini ya ngozi, na kwamba mafuta hayo ndiyo akiba yake ya kuvukia Sahara. Lakini atakwambia kwamba siku za karibuni ndege hao wamekuwa wa njano zaidi, na kwamba jioni wanaruka makundi makubwa kuelekea kwenye mafunjo. Yote mawili ni kweli. Wanabadili manyoya kabla ya safari, na hulala pamoja kwa wingi kwenye matete na mafunjo ya ufukweni. Ziara nzuri ni ile ambayo mwalimu anaanza kwa kuuliza, akaandika majibu, halafu ndipo akafungua kitabu.

Nisieleweke kwamba nawataka watu wapende kila chenye mbawa. Kwelea kwelea akiingia shambani kwa mtu anayetegemea magunia yake ya mpunga kwa chakula na ada, hakuna hotuba ya uhifadhi itakayomfariji. Ninachosema ni kwamba sumu haichagui. Upande wa Kenya wa ziwa letu hili la Victoria, kwenye skimu ya mpunga ya Bunyala, kuna habari zilizoandikwa kwa kina za watu kutega ndege kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan. Waliokufa walikuwa korongo wa domo-wazi na vitwitwi wageni, ndege wanaokula konokono na wadudu, na nyama yao iliuzwa kuliwa na binadamu. Watoto wakiweza kutaja ndege kwa majina na kwa chakula chao, mjadala wa dawa shambani unakuwa na mashahidi.

Kuna swali ambalo naomba walimu wa sayansi walibebe kama lilivyo, kwa sababu ni tamu kuliko yote: hawa ndege wanajuaje kwamba wakati umefika? Kaskazini jibu ni jepesi. Mchana unarefuka wiki hadi wiki, hata kipofu angehisi. Sisi tuko chini ya nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Baridi haipo ya kumfukuza mtu. Chakula ndiyo kwanza kinaongezeka kwa mvua. Akili ya kawaida ingesema wabaki. Mwanasayansi wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, aliwafuga ndege katika vyumba ambamo mwanga na giza havikubadilika mwaka mzima, na bado msimu wa safari ulipofika walinenepa, wakaanza kuhangaika usiku ndani ya kizimba. Miongoni mwa aliowachunguza walikuwamo ndege wadogo kutoka Kenya, wasiohama kabisa, ambao nao waliendelea kubadili manyoya kwa mzunguko wao miaka mingi bila dalili yoyote ya nje. Ndani ya ndege kuna saa ya mwaka. Wanafunzi wa Misungwi wako mahali pazuri kuliko wa Ulaya kulielewa hilo, kwa kuwa hapa kisingizio cha baridi hakipo.

Kwa upande wa maji, wa kutazamwa ni buabua. Wako kwa mamia kwenye Ghuba ya Mwanza, hasa pale wingu la vijidudu vya ziwani linapoinuka kama moshi na wao kulichana kwa midomo. Desemba wote ni weupe wenye kijivu. Kadiri Machi inavyosonga, wanaanza kuwa na mabaka, halafu kichwa na tumbo vinageuka kuwa vyeusi tititi huku mbawa zikibaki nyeupe, na anayewaona mara ya kwanza huapa kwamba ni ndege wengine. Hayo ndiyo mavazi ya kwao, yanavaliwa huku. Zamani mtu alijifunza hili bila kukusudia, akiwa Kigongo akisubiri kivuko cha kwenda Busisi. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na hapakuwa na la kufanya ila kutazama maji. Tangu Juni 2025 tunalo Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita tatu hivi za kujivunia, na gari linavuka kabla abiria hajamaliza kupokea simu. Hakuna anayetamani foleni irudi. Ila kwa kuwa kungoja kumekwisha, lazima sasa mtu apange kwenda Kigongo kwa makusudi.

Vifaa visiwe kisingizio. Darubini moja kwa watoto kumi inatosha wakipokezana, na korongo, buabua na shakwe hawaihitaji. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kina michoro mizuri, lakini ni ghali na maelezo yake ni ya Kiingereza, basi kiwe cha mwalimu. Nairobi, Fleur Ng'weno amekuwa akiwaongoza watu kwenye matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi tangu miaka ya 1970, na siri ya matembezi hayo ni Jumatano yenyewe: hayasubiri mgeni rasmi wala fulana zenye maandishi. Jambo moja la usalama nalisema kwa ukali. Watoto wasiingie majini. Ziwa lina kichocho, na baadhi ya fukwe zina mamba na viboko. Wasimame nchi kavu, na mwenyeji wa mwalo ndiye aonyeshe pa kusimama.

Nimalizie na daftari, kwa sababu hapo ndipo ziara nyingi hufia. Kwenye mialo yetu kuna shakwe mwenye mgongo mweusi anayegombania mabaki ya dagaa na sangara. Baadhi ya hao huzaliwa Finland. Watafiti wamewafunga vifaa vya setilaiti na kuwafuata hadi Ziwa Victoria, na mwaka 2015 walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba shakwe waliokatwa mshipa wa fahamu wa harufu, kisha wakapelekwa mbali na njia yao, hawakuweza kujirekebisha kama wenzao. Kwa hiyo siku ambayo shakwe fulani anaondoka kwenye maji yetu inaweza kusomwa kwenye kompyuta Ulaya, ilhali wavuvi na wachuuzi waliomwona asubuhi ile hawakuulizwa, wala hakuna aliyeandika.

Kinachotakiwa ni safu chache: tarehe, saa, mahali, ndege gani, wangapi, mvua ya mwisho ilinyesha lini, mpunga umefikia wapi. Jina likikosekana kwa Kiswahili liandikwe la Kisukuma, na likikosekana hilo nalo, ndege achorwe. Tarehe ya kumwona mara ya mwisho ina thamani kuliko ya kwanza, na ni ngumu zaidi, kwa kuwa lazima uendelee kwenda kumtafuta asiyekuwapo. Daftari lisiwe la mwalimu. Mwalimu akihamishwa, huondoka nalo. Iwe kaunta buku ya kwaya mbili yenye jina la shule kwenye jalada, ikae ofisini pamoja na daftari la mahudhurio, na kila mwisho wa muhula nakala ipelekwe kwa Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambao umekuwa ukikusanya kumbukumbu za namna hii nchi nzima tangu miaka ya 1980. Ukurasa wa mwisho wa toleo hili umechorwa safu hizo tayari. Ukatwe, ubandikwe ndani ya jalada, na mstari wa kwanza ujazwe wiki hii.