Kabla ya kumfungia mtoto mlango

Wazazi wanaotufuata ofisini msikitini baada ya swala ya Isha, hapa Tanga, walizoea kuja kwa mambo mawili: ndoa na mirathi. Sasa limeongezeka la tatu. Mzazi huketi, hunyamaza kitambo, kisha husema kwamba mwanawe amemshinda. Harudi nyumbani mpaka saa 8 usiku, ameacha shule, anavuta bangi, na amemjibu mama yake maneno yasiyosemeka mbele ya watu. Mwisho wa yote hutoa ombi lake: “Mwiteni, mumtishe.”

Tunakiri kwamba mwanzoni tulifanya hivyo hivyo. Tulimwita kijana mmoja wa miaka 16, tukamweka katikati ya wazee saba, na kila mmoja akamhesabia makosa yake. Hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Aliinamisha kichwa hadi tulipomaliza, akaondoka, na usiku ule hakulala kwao. Baba yake akaapa hatamfungulia mlango tena. Siku ya tisa alikutwa amelala juu ya meza ya sokoni.

Wala hatukufundishwa hivyo. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Umama kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kumwomba ruhusa ya kuzini. Waliohudhuria walimkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamketisha, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na kwa mama mdogo. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Kisa hiki tunakisoma katika darsa na kukistaajabia, halafu tunatoka nje na kuwa wale waliokemea.

Mume na mke wakigombana, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka, isipokuwa katika hali chache, wapite katika baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kusikiliza shauri la talaka. Kwa mzazi na mwana hatukuwa tumeandaa lolote. Tuliwaachia wapatane wenyewe, usiku, mlangoni, wote wawili wakiwa na ghadhabu.

Aliyetutoa katika kosa letu ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wengi humdhani afisa huyu kuwa ni wa kudai matunzo baada ya talaka, basi. Kwa hakika ugomvi wa mzazi na mtoto nao ni kazi yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hata akiwa na ndevu. Alimsikiliza baba peke yake, kisha kijana peke yake. Kijana akasema: tangu mama yake alipoachika na kurudi kwao, hakuna aliyemketisha kumweleza lililotokea. Alirudi kutoka shule akakuta kabati tupu. Baba aliposomewa maneno hayo alifunika uso kwa kanzu yake.

Wapo wanaochelea kwamba kumwita mtu wa serikali ni kuanika siri za nyumba. Stara ni jambo kubwa katika dini yetu, nasi hatulipuuzi. Lakini mtoto anayelala sokoni amekwisha kuanikwa. Asiyeweza kufika ofisini anaweza kupiga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo. Mzazi hupiga, na mtoto mwenyewe hupiga. Palipo na kipigo au jambo baya zaidi, liko Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na hapo subira si ibada. Aliyenaswa na unga ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Asifungwe kamba chumbani.

Kamati nayo imebadili utaratibu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri huketi watu wawili tu, mwanamume na mwanamke, na kijana ndiye husikilizwa kwanza. Wazee wetu wawili hawajaridhika na utaratibu huo, wanasema tunawadekeza.

Yule kijana kwa sasa anakaa kwa mjomba wake, Chumbageni. Bangi hajaiacha kabisa. Ijumaa huja kwa baba yake kula chakula cha mchana, na Ijumaa iliyopita alikaa mpaka Magharibi.