Tamko kuhusu Magofu ya Kunduchi na Mbwamaji, na Utafiti wa Mawasiliano ya Pwani Yetu na Dola ya Bizanti

Chama chetu, kinachowaunganisha walimu wa historia, wakutubi, waongoza wageni na wakazi wa Kinondoni, Temeke na Kigamboni, kimekutana na kutafakari, na sasa kinautangazia umma pamoja na mamlaka zinazohusika yafuatayo.

1. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoieleza pwani hii ni kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Kinautaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, na pembe za ndovu zilizotoka huko kwa wingi. Nakala ya awali imepotea. Kitabu kinasomeka leo kwa sababu wanakili wa Dola ya Bizanti walikinakili mnamo karne ya 10, na nakala yao imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Kadhalika Jiografia ya Ptolemy, inayoitaja Rhapta pia, ilitafutwa na kurudishwa mikononi mwa wasomi na mtawa Maximos Planudes huko Konstantinopoli, mwishoni mwa karne ya 13. Mtoto wa Mbagala anayefundishwa habari za Rhapta ananufaika na kazi ya Wabizanti, na ni haki yake kuambiwa hivyo.

2. Maandishi peke yake, hata hivyo, hayajapata kutosha. Wasomi wa maandishi ya Kigiriki wamebishana kwa vizazi juu ya mahali Rhapta ilipokuwa: kuna walioiweka Pangani, kuna walioiweka karibu na Dar es Salaam, na kuna walioiweka kwenye delta ya Rufiji. Mjadala ulichukua sura nyingine ardhi nayo ilipoulizwa. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga alizozifukua Rufiji, akazihusisha na biashara ya ulimwengu wa Warumi. Ubishi haukuishia hapo. Lakini tangu wakati huo, anayetaka kusema neno juu ya Rhapta hana budi kumsikiliza mfukuaji, na pia mkemia anayeweza kupima kioo na kueleza kilikotengenezwa.

3. Karne ya 6, zama za Mfalme Justinian wa Bizanti, ndiyo inayotugusa zaidi. Cosmas Indicopleustes, mfanyabiashara wa Alexandria, aliandika kwamba pembe za ndovu za Ethiopia zilipelekwa India, Persia, Himyar na nchi za Warumi. Aliamini kwamba dunia ni bapa, na kwa hilo wengi wamempuuza. Kwa habari za biashara hapuuziki. Katika karne hiyohiyo Askofu Maximianus wa Ravenna alitengenezewa kiti kilichofunikwa kwa pembe zilizonakshiwa, ambacho kipo hadi leo. Ndovu wale walikuwa wa wapi? Hakuna mwandishi aliyeacha jibu. Vipimo vya kemia na vinasaba vya pembe vinaweza kulikaribia. Chama hakidai kwamba pembe zile zilitoka kwetu. Kinadai kwamba wasomi wa Tanzania wana haki ya kuliuliza swali hilo, na wana haki ya kupatiwa vyombo vya kulichunguza.

4. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya zamani, ikiwemo Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulionyesha kwamba nasaba ya akina mama ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa, na kwamba damu ya Kiajemi iliingia kupitia akina baba tangu takriban mwaka 1000. Masimulizi ya Washirazi juu ya asili yao ya Kiajemi, yaliyowahi kubezwa na baadhi ya wanahistoria, yalipata ushahidi usiotarajiwa. Hata hivyo mfupa hauelezi marehemu alizungumza lugha gani wala alijiita nani. Hayo yanatafutwa kwa isimu, kwa kumbukumbu za koo na kwa vinywa vya wazee. Tena marehemu wale wana jamaa walio hai, ambao wanastahili kuombwa ridhaa na kuletewa matokeo.

5. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya nguzo zilizopambwa kwa bakuli za Kichina, na yale ya Mbwamaji, hayadaiwi kuwa ya zama za Justinian. Thamani yake haihitaji dai hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863, nayo haikuweka sharti la ukubwa wala umaarufu. Mji umekua hadi kuyakaribia makaburi. Msingi wa nyumba ukishachimbwa na vigae vikachanganyika na kifusi, hakuna taaluma itakayoweza kuvirudisha kwenye tabaka lake.

6. Kwa hiyo msimamo wa chama ni kwamba hakuna taaluma moja yenye mamlaka ya kutoa kauli ya mwisho juu ya historia ya pwani hii, wala hakuna ofisi yenye uhuru wa kugawa ardhi ya magofu kabla wataalamu wa mambo ya kale na wazee wa mtaa hawajasikilizwa.

7. Chama kimeazimia kutoshirikiana na utafiti wowote utakaochukua sampuli bila kushirikisha wasomi wa hapa nchini na bila kuahidi kurejesha matokeo kwa Kiswahili. Kinaviomba vyuo vikuu vianzishe mafunzo ya Kigiriki cha kale kwa wanafunzi wa akiolojia na historia, kwa kuwa haifai wasomi wetu waendelee kuisoma pwani yao kwa tafsiri za wengine. Kinazitaka mamlaka za upimaji zisimamishe ugawaji wa viwanja vinavyopakana na magofu hadi mipaka itakapowekwa alama zinazoonekana.

8. Tamko hili litawasilishwa kwa wizara inayosimamia malikale, kwa manispaa husika na kwa serikali za mitaa yenye magofu. Chama kinatarajia majibu ya maandishi, na kitayasoma hadharani mbele ya wanachama wake.