Draiva ikae ndani ya kerneli

Wadau, bado kuna wanaoamini kwamba draiva ni kazi ya kampuni iliyouza kifaa. Mimi nakataa. Huku kwetu Obunga modemu hupita mkono hadi mkono, na kampuni ilishamsahau mnunuzi wa kwanza, seuze wa tatu.

Chukua Huawei E220 ya 2006. Ukiichomeka, kwanza hujifanya CD yenye programu za Windows (ujanja mtupu!). Kerneli ya Linux yenyewe huiamuru igeuke modemu, kisha draiva iitwayo option huipokea. Sehemu kubwa ya draiva hiyo ni jedwali la namba tu. E220 ilikuwa mstari mmoja: 12d1, 1003.

Faida ni hii: anayebadilisha mambo ndani ya kerneli hulazimika kurekebisha draiva zote zilizomo. Ya nje hubaki yatima. Wenye adapta za Wi-Fi za RTL8812AU walihangaika miaka mingi, kerneli mpya ikija wanakompaili upya.

Kwa hiyo kifaa chako kisipotambulika, andika lsusb, chukua namba zake, uwatumie wasimamizi wa USB. Kwa modemu, mara nyingi mstari mmoja unatosha.